Nchi Tatu kwa Maji Mamoja: Mwongozo wa Kuunda na Kuendesha Kikundi Kazi cha Kuhesabu Ndege wa Pwani

Mlakaa (Dromas ardeola), yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama patasi, huzaa ndani ya mashimo anayochimba mchangani kwenye visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia. Msimu wa kaskazi ukiingia, wengi wao wako Mida na Sabaki (Kenya), Mafia na Rufiji (Tanzania), Msumbiji na Madagaska. Wakipungua Mida, huenda wamekufa, na huenda wamehamia Mafia tu. Aliyeko Kenya peke yake hawezi kujua, na wa Tanzania vilevile. Ndiyo maana pakawa na vikundi kazi vya wataalamu wa nchi mbalimbali, na kazi yao hasa ni kuhakikisha namba ya Mida na namba ya Mafia zinaweza kuwekwa kwenye jedwali moja bila mmoja kumdanganya mwenzake. Mikutano, nembo na fulana ni mapambo.

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kuhesabu ndege wa ufukweni kila Januari katika nchi mbili au tatu za pwani ya Afrika Mashariki. Ukishautumia hapa, utaweza kuurekebisha kwa heroe wa maziwa ya Bonde la Ufa au kwa tai.

1. Anzeni na swali moja

Kabla ya katiba, andikeni swali. Kwa mfano: “Je, idadi ya walakaa wanaokaa kati ya Lamu na Mtwara katikati ya Januari inapanda, inashuka au imetulia?” Swali hilo linaamua mwezi, maeneo na njia ya kuhesabu. Swali la “hali ya ndege wa pwani” haliamui chochote, na kikundi chake hujaa watu wanaofanya kazi tofauti chini ya jina moja.

Msianzishe mfumo mpya wakati upo wa zamani. Hesabu ya Kimataifa ya Ndege wa Majini, inayoratibiwa na shirika la Wetlands International, ilianza 1967, na upande wa Afrika uliingia 1991. Kila nchi inayoshiriki ina mratibu wake wa taifa, na maeneo yana namba za utambulisho. Kenya na Tanzania pia ni wanachama wa mkataba wa AEWA, uliokubaliwa 1995 na kuanza kutumika 1999, ambao unazitaka nchi zifuatilie ndege wa majini wahamao. Mtafuteni mratibu wa taifa kwanza, muombe orodha ya namba za maeneo, kisha tumieni hizo hizo. Kikundi kinachojitungia namba zake hulazimika baadaye kuzioanisha moja moja, na hapo ndipo “Mida Creek”, “Mida” na “Watamu-Mida” hugeuka kuwa maeneo matatu.

2. Watu wachache, kila mmoja na jukumu

Watu saba hadi tisa wanatosha: mratibu na naibu wake kwa kila nchi, mtunza takwimu mmoja kwa kikundi kizima, na wasuluhishi wawili wa utambuzi, yaani wale wanaopokea picha na kuamua kama ndege ni huyu au yule. Mratibu awe mtu anayekwenda ufukweni mwenyewe. Mkiweka mkubwa wa ofisi, kila barua itasubiri mezani kwake na Januari haisubiri.

Udhaifu wa kawaida ni mtunza takwimu kubadilisha kazi na kuondoka na kompyuta yake. Faili kuu liwe sehemu mbili tangu siku ya kwanza, na naibu wa nchi nyingine awe na nenosiri.

Vibali vianze miezi minne kabla, yaani Septemba. Kwa utafiti Tanzania Bara kuna COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na, kwa wanyamapori, TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Zanzibar ina utaratibu wake, na kibali cha Bara hakikupeleki Ghuba ya Menai wala Pemba. Kenya kuna NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia) na KWS (shirika la wanyamapori). Kuhesabu kwa darubini bila kumgusa ndege ni mzigo mwepesi kuliko kumkamata, kwa hiyo msiunganishe mambo hayo mawili kwenye ombi moja: kibali cha kukamata kikichelewa, hesabu nzima inakwama. Baada ya makaratasi ya serikali, nendeni kwa kamati za wavuvi na viongozi wa mtaa au kitongoji. Huko hamtafuti ruhusa peke yake. Wavuvi ndio wanaojua ndege wanalala fungu lipi maji yakijaa.

3. Tarehe huchaguliwa na maji

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea, kwa sababu tarehe huchaguliwa na mtu aliye mbali na bahari. Maji yakipwa, ndege wa ufukweni hutawanyika kwenye kilomita nyingi za tope na huwezi kuwahesabu. Maji yakijaa, tope linafunikwa na ndege wanasongamana kwenye mafungu ya mchanga, kwenye mikoko na kwenye viwanja vya chumvi. Mahali hapo pa kusubiri maji tutapaita tuo. Hesabu hufanywa kwenye matuo, saa maji yamejaa.

Lakini maji yapi? Wakati wa maji mafu bahari haipandi vya kutosha. Sehemu ya tope hubaki wazi na ndege wengi hawaji tuoni kabisa. Wakati wa bamvua hupanda sana, na hapo wanakuja. Kwenye pwani yetu bamvua ina tabia nyingine njema: maji hujaa takriban kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Ile ya jioni inakuachia mwanga wa kutosha kabla ya magharibi, na kwa kuwa bahari iko mashariki, jua linakuwa mgongoni mwako. Ya alfajiri ni giza, na likikucha jua linakupiga machoni.

Basi fungueni majedwali ya maji ya Kilindini, Dar es Salaam na Zanzibar, mtafute bamvua iliyo karibu zaidi na katikati ya Januari. Kwa mfano, Januari 2026 mwezi ulikuwa mpya tarehe 18. Siku nzuri zilianza usiku wa mwezi mpya na kuendelea siku tatu hivi. Chagueni siku moja kuu na siku moja ya akiba. Siku ya akiba si anasa: upepo wa kaskazi ukivuma kwa nguvu teleskopu inatikisika na namba hazina maana.

Tahadhari moja. Bamvua ikiwa kubwa mno, hata matuo ya kawaida hufunikwa, na ndege huhamia mahali ambapo hamkuweka mtu. Kaskazini mwa Malindi, kwenye viwanja vya chumvi vya Gongoni na Ngomeni, ndege hujaa siku kama hizo. Kama eneo lenu lina viwanja vya chumvi ndani ya kilomita chache, timu iwepo huko saa ileile, au mtaandika “wamepungua” kumbe wako nyuma ya ukuta wa udongo.

Kuhusu Oman, ambako walakaa na kitwitwi wengi wa njia hiihii hukaa baridi yote: Barr Al Hikman ni uwanda mpana ambao hesabu zake zimepata karibu nusu milioni ya ndege wa ufukweni, na hauwezi kumalizwa kwa maji mamoja. Maji yao pia yana saa zake. Kwa hiyo Lamu hadi Mtwara kubalianeni siku moja. Na wenzenu wa Oman wapeni dirisha la siku saba linaloizunguka siku hiyo. Kuwalazimisha wafuate saa yenu ni kuwapotezea muda.

4. Chagueni matuo mnayoweza kuyarudia

Tuo kumi na mbili zinazohesabiwa kila mwaka zina thamani kuliko arobaini zilizohesabiwa mara moja. Kabla ya kuingiza tuo kwenye orodha, ulizeni: tutafika hapa Januari mvua ikiwa imenyesha? Boti ikikosekana, kuna njia ya miguu? Usalama ukoje? Mkiona shaka, liache.

Desemba, katika bamvua mojawapo, fanyeni ziara ya majaribio. Mchore ramani ya tuo kwa mkono: mahali pa kusimama, mpaka wa sekta, upande ndege wanakotokea. Umbali mzuri wa kusimama ni mita 150 hadi 300. Chini ya mita 100 mtawarusha. Zaidi ya mita 400 mvuke wa joto unawageuza kitwitwi wote kuwa vijiti vinavyocheza.

Delta ya Rufiji haiwezi kufikiwa yote. Hilo si kosa, mradi kwenye fomu mwandike “sehemu tu” na mtaje mikondo iliyopitiwa. Mwaka ujao mpite mikondo ileile.

5. Fomu moja, na mitego yake

Fomu iwe ukurasa mmoja, pande mbili. Iwe na: namba ya eneo, tarehe, majina ya wahesabu, saa ya kuanza na kumaliza, njia (miguu, boti, gari), eneo limefikiwa lote au sehemu, hali ya hewa, usumbufu, kisha orodha ya spishi iliyochapwa tayari. Mitego iliyobaki ni hii.

Saa. Mswahili anaandika “saa 10” akimaanisha jioni. Mwenzake wa Maputo au Muscat anasoma saa nne asubuhi. Andikeni mfumo wa saa 24, 16:00, na juu ya fomu itajwe saa za nchi gani, kwa sababu Msumbiji iko nyuma yetu saa moja na Oman mbele saa moja.

Kituo cha ramani (latitudo na longitudo). Tumieni digrii zenye desimali, na alama ya kutoa kwa kusini. Mida iko karibu na -3.33, 39.97. Mtu akisahau kile kistari kidogo, ndege wake wanahamia nyika ya mashariki ya Moyale, karibu na mpaka wa Ethiopia. Mtunza takwimu aweke kanuni kwenye jedwali la Excel ikatae latitudo chanya kwa Tanzania nzima. Kwa Kenya hawezi, kwa sababu nchi imekatwa na ikweta, ila kwa vituo vyenu vya pwani anaweza.

Sifuri. Kama umemtafuta mlakaa na hukumwona, andika 0. Kama hukufika, weka kistari. Kisanduku kitupu hakisemi lolote, na miaka mitano baadaye hakuna atakayekumbuka. Programu za kukokotoa mwelekeo, kama rtrim, zinaweza kukadiria mwaka uliokosekana. Haziwezi kukisia kama utupu wako ulimaanisha hakuna ndege au hakuna mhesabu.

Majina. Tajeni orodha mnayofuata na toleo lake. Wale kitwitwi wa mchangani wawili wanaosumbua, aliyeitwa Charadrius mongolus na Charadrius leschenaultii kwenye vitabu vya juzi, sasa wako chini ya Anarhynchus, na yule wa kwanza amegawanywa kuwa spishi mbili. Msipokubaliana, Kenya italeta jina moja, Tanzania jingine, na jumla itakuwa nusu.

Na pawe na mstari wa “hawakutofautishwa”. Kwa mbali, wakiwa na manyoya ya msimu huu, wale wawili hawatenganishwi kwa uhakika na kila mtu. Ndivyo ilivyo kwa buabua wadogo, Sternula saundersi na S. albifrons. Bila mstari huo mhesabu atakisia, kwa kuwa fomu inamlazimisha, na kisio likishaingia kwenye jedwali linafanana na ukweli.

6. Mafunzo: sinia, choroko na picha

Siku moja na nusu inatosha. Nusu siku ya kwanza ni ndani ya chumba. Mwaga choroko kwenye sinia, kati ya punje 80 na 600, ifunue kwa sekunde tano, kila mtu aandike namba yake kimya, kisha mhesabu kweli. Karibu wote watakadiria chini punje zikiwa nyingi. Wakishajiona, wafundishe vipande: hesabu kumi moja moja, ikariri kwa jicho kumi ni pana kiasi gani, halafu piga kundi zima kwa kumi-kumi. Kundi la maelfu hupigwa kwa mia, baada ya kuhesabu mia ya kwanza. Ukubwa wa mia hubadilika: kitwitwi wadogo husongamana kuliko walakaa, kwa hiyo kipimo kinapimwa upya kwa kila spishi.

Siku inayofuata ni ufukweni na teleskopu za mara 20 hadi 60, darubini za 8x42 au 10x42, na kihesabio cha kubonyeza kwa kila mtu. Wahesabu wawili wahesabu kundi moja bila kusemezana. Tofauti ikizidi asilimia 10 kwa kundi lililo chini ya ndege 500, au asilimia 20 kwa kubwa zaidi, warudie. Msichukue wastani wa namba mbili zilizo mbali. Mmoja kati yao amekosea na wastani unalificha kosa lake.

7. Siku yenyewe

Timu ya tuo ni watatu: mhesabu, mwandishi, na mtu wa kuangalia pembeni. Wafike saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, wakae chini, wasivae nyeupe. Mwanzoni ndege watakuja kwa mafungu ya thelathini, hamsini. Mhesabu anawapiga wakiwa angani wanapotua, mwandishi anaandika saa, spishi, idadi na walikotokea. Hii ni akiba, kama tuo litavurugwa baadaye.

Kisha kuna kile tunachokiita dakika ya hesabu, ingawa ni robo saa, mathalani 16:30 hadi 16:45, ileile kwa matuo yote. Namba ya dakika hiyo ndiyo rasmi. Anza na wakubwa, walakaa na sululu, ambao wanaonekana na ni wepesi kuruka. Halafu wadogo. Tuseme kundi la wadogo ni 1,200 na huwezi kumtaja kila mmoja. Elekeza teleskopu sehemu tano, kingo zote na katikati, tambua ndege 40 kila sehemu. Kati ya 200 ukapata 124 kitwitwi wenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea), 52 kitwitwi wadogo kabisa (Calidris minuta) na 24 wa mchangani. Basi unaandika 744, 312 na 144, na pembeni herufi M, kwa maana ya makadirio kwa sampuli. Usichukue sampuli upande mmoja. Spishi hujipanga: wenye miguu mirefu husimama majini, wafupi juu kwenye mchanga mkavu, na anayepima kingo ya juu pekee ataapa kwamba tuo zima ni wa mchangani.

Mbwa, watoto, boti la watalii au kipanga vikirusha kundi, simamisheni. Andikeni saa na kilichowarusha. Wakitua, anzeni upya kutoka moja. Kuendelea kutoka pale mlipoishia ni njia ya hakika ya kuhesabu ndege mara mbili.

Ukikuta ndege waliokufa, zaidi ya wawili watatu mahali pamoja, usiwashike kwa mkono mtupu wala usiwabebe. Piga picha, andika kituo cha ramani, mjulishe daktari wa mifugo wa wilaya au kaunti siku hiyohiyo. Homa ya mafua ya ndege si jambo la kubahatisha.

Kabla hamjaondoka ufukweni, mwandishi apige picha pande zote mbili za fomu na kuzituma. Karatasi zimewahi kulowa, kuliwa na mbuzi na kusahaulika kwenye daladala.

8. Usiku wa kuoanisha

Saa mbili usiku, kwa saa zetu, waratibu wa matuo jirani wapigiane simu. Tuo la kaskazini linasema: “Walakaa 210 waliondoka 16:38, wakielekea kusini.” La kusini linasema: “Walakaa kama 200 walitua 16:44.” Hawa ni walewale, na wote wameangukia ndani ya dakika ya hesabu, kwa hiyo wataingia mara mbili msipowaondoa upande mmoja. Kanuni iwe moja kwa wote: wabaki pale walipotua. Andikeni marekebisho kwenye safu yake. Msifute namba ya awali. Mazungumzo haya yakiachwa wiki moja hayafai tena, kwa sababu kila mtu atakuwa ameshaitetea namba yake.

Ndani ya siku kumi, mtu mmoja aingize takwimu na mwingine amsomee karatasi kwa sauti. Msuluhishi aangalie kila namba iliyo mara tatu ya mwaka uliopita au theluthi yake, na kila spishi ngeni. Hayupo wa kulaumiwa hapo: anaulizia picha, na picha isipokuwepo ndege anashushwa kwenye mstari wa “hawakutofautishwa”.

Orodha za matembezi kwenye programu za simu ni nzuri kwa ramani ya spishi, lakini haziingii kwenye hesabu hii. Hazikufuata maji.

9. Pete na vibendera

Kikundi kikikua, mtu atapendekeza kuwavisha ndege pete za rangi. Kabla ya kununua hata moja, wasilianeni na waratibu wa kimataifa wa rangi za ndege wa ufukweni kupitia International Wader Study Group, kikundi kilichokuwapo tangu 1970. Ndege wa Mida ataonekana Uajemi au Siberia na mtu asiyewajua. Rangi zenu zikifanana na za mradi mwingine, taarifa yake itakwenda kwao. Na kama hakuna mtu wa kujibu barua pepe za walioona pete kwa miaka kumi ijayo, msianze.

10. Namba zinakwenda wapi

Andikeni makubaliano ya takwimu kabla ya hesabu ya kwanza: kila nchi inamiliki namba zake, jumla ya pamoja inatolewa ndani ya miezi sita, na nakala inakwenda kwa mratibu wa taifa wa hesabu ya kimataifa. Jambo hili likiachwa hadi mtu atake kuandika makala, urafiki huisha.

Kwa uhifadhi, namba mbili ndizo zinazofungua milango. Chini ya Mkataba wa Ramsar, ardhi oevu inayobeba mara kwa mara ndege wa majini 20,000, au asilimia 1 ya jamii ya spishi moja, ina sifa ya umuhimu wa kimataifa. Jamii ikikadiriwa kuwa 70,000, kizingiti ni 700. Bonde la Ziwa Natron liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2001, na Rufiji-Mafia-Kilwa tangu 2004. Tuo lenu likivuka kizingiti, lionyeshe kwa miaka mitano, si kwa mwaka mmoja wa bahati. Afisa anayepima ombi la kiwanja cha chumvi au bandari atauliza hilo kwanza.

Ripoti iwe na kurasa nne: jedwali, ramani, mabadiliko ya njia kama yapo, na yaliyoharibika. Toleo la ukurasa mmoja kwa Kiswahili, lenye namba za tuo lao na si za nchi nzima, lipelekwe kwa kamati ya wavuvi kabla ya kusi kuanza. Waonyesheni kwenye ramani fungu walilowaelekeza ninyi, na muulize kama mwaka huu bahari imelihamisha, maana mafungu hayakai. Kisha fungueni jedwali la maji la Januari ijayo palepale, mchague siku mkiwa nao.